Vijana wa mpira wa Jinja, waulizeni makocha wazee wangali hai

Wanangu mnaocheza Walukuba, Mpumudde na mitaa yote ya Jinja,

Wazee wenzangu wanasema hamna adabu kwa makocha wa zamani. Mimi sikubali. Mnawasalimu vizuri, mnawapisha kiti, na kocha mzee akifariki mnakuja kuzika mkiwa na jezi. Kinachokosekana ni kuwauliza. Juzi nilimsikia winga mmoja, kijana mwenye kipaji kweli, akimjibu kocha aliyekuwa anamrekebisha: "Mzee, hayo ni ya zamani." Wenzake wakacheka. Kijana yule hakukusudia ubaya, lakini aliondoka bila kujua kocha alitaka kumweleza nini.

Chukueni habari za Peter Okee, kocha wa Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1978 kule Ghana. Wengi mnajua tulifika fainali tukafungwa 2-0 na wenyeji. Mimi nataka mtazame hatua ya makundi. Tuliifunga Kongo 3-1, kisha Tunisia wakatugeuzia matokeo hayohayo, 3-1. Mechi iliyobaki ilikuwa ya Moroko, mabingwa watetezi. Timu iliyokuwa na kidonda kibichi ikaingia uwanjani ikawachapa mabingwa 3-0, halafu kwenye nusu fainali ikaitoa Nigeria 2-1. Kati ya Tunisia na Moroko zilipita siku chache tu, na kazi ya kocha ilifanyika humo: mabeki waliambiwa nini, nani alibembelezwa, nani alikemewa. Jedwali la matokeo haliwezi kukuambia hayo. Wanayajua waliokuwepo, na wanapungua kila mwaka.

Baada ya hapo tulikaa miaka 39 bila kurudi kwenye mashindano hayo, hadi Gabon 2017. Sababu ni nyingi, vita na fedha zimo. Lakini naamini tulipoteza pia kwa kuacha kila kizazi kianze upya, kana kwamba Uganda haijawahi kumfunga mkubwa.

Mnapokwenda Kampala kucheza Lugogo, mnaingia kwenye uwanja wenye jina la Philip Omondi. Alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano yale ya 1978, na baadaye akaifundisha klabu ya KCC, ambayo leo ni KCCA. Alifariki 1999, kwa hiyo yeye hamwezi tena kumuuliza. Nasikitika ninapomwona mchezaji akipiga picha chini ya jina lile bila kujua ni la nani.

Simaanishi kila la zamani ni dhahabu. Makocha wengi wa enzi zetu walikataza maji katikati ya mazoezi wakidhani ndiyo ukakamavu. Hilo liacheni, ni hatari. Wala sidharau wageni: Micho, kocha Mserbia wa Cranes, ndiye aliyetufikisha Gabon, na nampa heshima yake. Ila mkumbuke Mike Mutebi, Mganda, ndiye aliyeiingiza KCCA kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2018, klabu ya kwanza ya nchi hii kufika hapo.

Mwaka 2027 mashindano ya Afrika yanakuja kwetu, pamoja na Kenya na Tanzania. Kabla ya hapo nawaomba jambo moja. Kila timu imtafute kocha mmoja mzee aliye karibu nayo. Msiende na zawadi za kupigia picha. Nendeni na maswali: ulimpangaje beki aliyezidiwa mbio na straika wa wapinzani? Ulifanya nini wachezaji walipogoma kwa kukosa posho? Mrekodini kwa simu zenu, na mkutano wa kwanza usizidi saa moja, maana wengine wanachoka haraka. Mkiona haya kubisha hodi, njooni kwangu Walukuba, nitatangulia mbele.

Mzee wenu