Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Udhibiti wa Gugu Karoti

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya na Mgeni Rasmi wetu, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Mazingira, tunakukaribisha kwa heshima kubwa katika maadhimisho haya ya Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Tunajua majukumu yako ni mengi, na tunashukuru umekubali kuja kung'oa magugu pamoja nasi. Risala yetu ina jambo moja tu, nalo ni gugu karoti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliposhuka kwenye gari, kando ya lango palikuwa na mimea iliyofika kiunoni, yenye majani yaliyochanika kama ya karoti na maua madogo meupe. Hilo ndilo lenyewe. Asiyelijua hulipenda, na wapo waliokuwa wakilichuma kupambia meza au kulifunga kuwa fagio la uwanjani. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na taarifa zake za kwanza hapa nchini zinatoka hapahapa Arusha, mwaka 2010. Leo limeshika kingo za barabara, mashamba ya mahindi na maharage, na malisho ya mifugo katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Sumu iliyomo ndani yake huzuia mazao jirani kuota vizuri. Ng'ombe akilila kwa njaa, maziwa huwa machungu. Na binadamu akiligusa au kuvuta chavua yake anaweza kupata muwasho, upele, mafua yasiyoisha na pumu.

Serikali haikukaa kimya. Ofisi ya Makamu wa Rais iliandaa mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na viumbe vamizi wa mwaka 2019 hadi 2029. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake makuu ni jirani zetu pale Ngaramtoni, na ikachukua kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwa hapo kwa miaka mingi. Kwa hiyo sheria ipo, mkakati upo, na wataalamu wapo kwa umbali wa nauli ya daladala. Kinachotusumbua sisi ni namna kazi inavyofanyika huku chini, na tunaomba turuhusiwe kusema wazi.

La kwanza ni wakati. Gugu karoti huota mvua zinapoanza, na baada ya wiki nne hadi nane hivi huwa limeshatoa maua. Mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu 10,000 hadi 25,000, na mbegu hizo hukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri mvua nyingine. Tarehe 5 Juni huja masika yakiwa yanaishia, yaani wakati sehemu kubwa ya mbegu imekwisha kudondoka. Kwa heshima zote, Mheshimiwa, kampeni ya leo inafaa sana kwa kufundisha, lakini kwa kupunguza gugu lenyewe imechelewa, na kila anayeng'oa leo akikung'uta mmea anapanda msimu ujao. Tunapendekeza wilaya iweke siku zake za kung'oa mnamo wiki ya tatu tangu mvua zianze, masika na vuli, mmea ukiwa bado umetandaza majani chini na mzizi unatoka kwa kuvutwa mara moja. Maadhimisho ya Juni yabaki kuwa ya kukagua kazi iliyofanyika. Hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji barua ya ofisi yako kwa watendaji wa kata.

La pili linatugusa sisi wanafunzi. Katika shule nyingi kung'oa majani ni kazi ya usafi wa asubuhi, na wakati mwingine ni adhabu ya waliochelewa namba. Mwanafunzi hung'oa kwa mikono mitupu, hujifuta jasho usoni kwa kiganja kilekile, na jioni shingo na mikunjo ya viwiko inawaka moto. Wengine mara ya kwanza hawapati kitu, wakadhani wao wamepona. Kumbe mzio huu huja kwa kuligusa mara kwa mara, na ukishaingia hautoki kirahisi. Wapo wenzetu wenye pumu ambao hukaa nyumbani gugu linapochanua. Tunaomba halmashauri itoe waraka kwamba mwanafunzi asilishike gugu hili bila glovu, nguo ya mikono mirefu na barakoa, wala lisitumike kama adhabu, na kwamba mwenye pumu asihusishwe kabisa. Glovu zilizo mezani leo zimechangwa na wazazi na hazitoshi, hivyo tutang'oa kwa zamu.

La tatu ni njia linazosafiria. Gugu karoti halina miguu, tunalibeba sisi. Linasafiri na moramu ya barabarani, na samadi inayouzwa kutoka boma hadi boma, na majani ya kulishia ng'ombe yanayofungwa kwenye pikipiki, na tope la matairi ya trekta. Katika jimbo la Queensland nchini Australia, ambako limekuwapo tangu miaka ya 1950 na husumbua malisho, vimewekwa vituo vya kuoshea magari na mashine za shambani ili mbegu zisivuke. Hatuombi makubwa kiasi hicho. Tunaomba machimbo ya moramu yakaguliwe kabla ya kazi za barabara kuanza, na serikali za vijiji zisaidiwe kutunga sheria ndogo kuhusu usafirishaji wa samadi na majani kutoka maeneo yenye gugu.

Tungependa pia kugusia mbawakavu mdogo kutoka Meksiko, ambaye chakula chake ni majani ya gugu hili. Australia ilianza kumtumia mwaka 1980, India ikafuata mwaka 1984, na baadaye Afrika Kusini na Ethiopia. Yeye peke yake hamalizi gugu, kwa sababu wakati wa kiangazi hujichimbia ardhini na kusubiri mvua, lakini hulidhoofisha likatoa maua machache. Mkulima wetu akimwona mdudu anayetafuna majani, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye bomba la dawa. Kwa hiyo tunaomba maafisa ugani wawaonyeshe wakulima picha na sampuli ya mdudu huyu kutoka kwa wataalamu wa Ngaramtoni, ili popote atakapowekwa asije akauawa na wale anaowasaidia.

Kwa upande wetu, klabu imechora ramani ya maeneo ya kata yaliyovamiwa, nayo tutakukabidhi leo pamoja na nakala kwa Afisa Mazingira. Tunaahidi kuisahihisha kila mvua zinapoanza. Mimea yote tutakayoing'oa nyuma ya maabara itafungwa kwenye viroba na kuchomwa. Haitaachwa kwenye rundo wala kwenye shimo la mboji, maana mbegu huendelea kukomaa hata mmea ukishanyauka.

Tunakuomba sasa upokee ramani hiyo, kisha utuongoze kuelekea eneo la kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa na wanachama wa Klabu ya Mazingira.