Maji Kwanza, Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Muheza. Habari za mjukuu wangu kuungua nimezipata kwa mdogo wako, si kwako. Najua ulitaka nisihangaike, lakini niliambiwa "kaungua" tu, na neno hilo lilinikesha. Siku nyingine nipigie mwenyewe, hata iwe saa nane ya usiku.

Anasema ni chai, imemmwagikia mkono wa kushoto, na mama mwenye nyumba akampaka ute wa yai. Simlaumu mama wa watu, alikimbilia kusaidia. Lakini yai si dawa ya moto. Wala dawa ya meno, wala unga wa ngano, wala mafuta ya kupikia. Hivyo vyote vinaingiza uchafu kwenye ngozi iliyojeruhiwa, na daktari akitaka kuangalia inabidi kwanza mtoto asuguliwe, alie upya. Nasi hapa nyumbani dawa ya meno tumeipaka miaka mingi, basi yaishie hapo.

Maji kwanza, mwanangu. Bombani, yatiririke dakika 20 kamili, na utazame saa. Mtoto akinyamaza kabla ya hapo usiseme imetosha, maana chai ikishapoa juu, joto lililozama chini ya ngozi linaendelea kuunguza. Yawe maji ya kawaida, barafu usithubutu. Mtoto mdogo hushikwa na baridi upesi, kwa hiyo mwagia palipoungua tu, kwingine mfunike khanga. Na huko Dodoma maji yakikatika, chota kwenye ndoo kwa kopo, mimina taratibu. Hata ukichelewa, ndani ya saa tatu maji bado yanasaidia. Ule uzi na bangili za mkononi zivue mapema, kabla hapajavimba. Nguo ikigandana na ngozi usiivute.

Juzi mafuta ya vitumbua yaliniruka kifundoni mwa mkono. Wateja wamesimama, vitumbua viko chumani, nikaviacha viungue nikaenda bombani. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, usiungoje. Pangu paligeuka peusi zaidi, pakang'aa, pakawa panawaka nikigusa, lakini lengelenge halikutoka. Baada ya siku chache ngozi ikabanduka nyembamba kama ganda la kitunguu, yakaisha. Huko ndiko kuungua kudogo.

Yakitoka malengelenge, moto umeingia ndani kidogo. Usiyatumbue, hata akina mama wa kisimani wakushauri vipi. Ile ngozi ya juu ndiyo kinga yake. Funika kwa shashi safi isiyogandana na kidonda, usikaze. Pamba usiweke, nyuzi zake hunasa. Ukiona pamekuwa peupe au kahawia, pagumu, na mtoto ukimgusa hapo hashtuki, usifurahi kwamba haumii. Hapo moto umefika chini kabisa, ni hospitali saa ileile.

Wa kwetu hajafika miaka mitano, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya hata kama unaona ni padogo. Mpeleke leo, usingoje mshahara. Tena kipimo ni kiganja chake yeye pamoja na vidole, si kiganja chako: palipoungua pakizidi hapo, hilo si jambo la kutibu nyumbani kwa mtu yeyote. Vilevile uso, mikono, viungo vinavyokunjwa na sehemu za siri. Beba kadi ya kliniki waone chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, ndani yake mna ya pepopunda. Dawa ya maumivu iwe parasetamoli ya maji, kipimo wakupe wao kwa uzito wake. Na akianza homa, au kidonda kikatoa usaha au harufu, rudi bila kuuliza mtu.

Wewe ni mama mzuri. Ulimnyonyesha miezi sita bila kumwonjesha hata maji, watu wakakusema na hukutetereka. Sasa mtu aliyeweza hilo anashindwaje kuinua jiko kutoka sakafuni? Nilipokuja niliona, nikanyamaza kwa sababu ni nyumba ya watu. Mumeo ni seremala, anauza vitanda mji mzima, kichanja cha jiko hakimshindi. Mwambie mama mkwe wake ameomba. Kikombe cha chai kisikae kwenye stuli, na kitambaa cha meza kinachoning'inia kiondoe, huyo mtoto sasa anavuta kila kitu. Ikitokea tena, Mungu aepushie, maji kwanza.

Baba yako goti limetulia, anatembea hadi msikitini. Bati la jikoni limebadilishwa, ila fundi ametuachia tundu moja, tunamngoja. Mbuzi yule mweusi kazaa mapacha.

Picha ya mkono nitumie mchana, mbele ya mlango kwenye mwanga, usiku sioni kitu. Alhamisi nakutumia kiroba cha machungwa na nazi kwa basi, nitakupa namba ya kondakta. Machungwa ya juu bado magumu, anza na ya chini.

Mama yako