Kwa nini hatubadilishi transista ya amplifaya kabla ya kupima

Ombi tunalolipata zaidi karakanani, tunakotengeneza amplifaya za redio za boti na za stesheni za FM, ni hili: "Fundi, amplifaya imekufa, niwekee transista nyingine, jioni nitapita kuichukua." Kuibadilisha si kazi ngumu. Lakini transista za nguvu za masafa ya redio si za bei ya karanga, na ukiweka mpya penye kasoro ileile iliyoiunguza ya kwanza, nayo itaungua, pengine siku hiyohiyo. Ndiyo maana tunapima kwanza, hata mteja akinuna.

Mara nyingi chanzo ni impedansi zisizolingana, yaani ukinzani ambao kila sehemu inaupa mkondo wa redio, unaopimwa kwa omu. Kebo na antena za mitambo hii hutengenezwa kwa omu 50, ila transista yenyewe haizijui hizo 50. Chukua redio ya boti inayotumia volti 13.8 na kutoa wati 100. Zidisha volti kwa volti, gawa kwa mara mbili ya wati, utapata omu 0.95. Huo ndio mzigo ambao transista inautaka ili itoe wati zake. Amplifaya ya stesheni ya FM inayotumia volti 50 ina nafuu kidogo: kwa wati 300, hesabu hiyohiyo inatoa kama omu 4.2. Lazima basi pawe na mpatanishi kati ya transista na antena. Lori linalotoka feri pale Likoni maji yakiwa yamekupwa lina injini ileile ya barabarani, lakini bila gia inayofaa litanguruma na kupata moto palepale bila kuumaliza mwinuko.

Kupatanisha kwa masafa mamoja tu si tabu, koili moja na kapasita vinatosha. Tabu iko kwenye upana. Ukiruka kutoka omu 1 hadi 50 kwa hatua moja, Q ya sakiti, yaani kipimo cha ukali wake wa kuchagua masafa, inafika 7, na Q ikiwa kubwa sakiti huchagua sana: ukisogea pembeni kidogo nguvu inaporomoka. Igawe safari hiyo mara mbili, upitie omu 7 katikati, na Q ya kila hatua inashuka hadi karibu 2.5. Kwa FM, kuanzia megahezi 87.5 hadi 108, hatua mbili au tatu zinasaidia. Mtihani wenyewe ni redio ya MF/HF ya baharini, ile ya mawasiliano ya mbali, ambayo kilohezi 2182 na kilohezi 12290 hupita kwenye amplifaya moja bila mtu kugusa skrubu. Hapo koili na kapasita hazifiki. Hutumika transfoma ya feraiti (kauri yenye chuma inayopitisha usumaku), au kebo nyembamba iliyozungushwa kwenye feraiti, mbinu iliyoelezwa na mhandisi Gustav Guanella mwaka 1944.

Hiyo kebo nyembamba ndiyo inayotuletea kazi. Ili omu 12.5 zipande hadi 50, kebo yenyewe inatakiwa iwe ya omu 25. Kuna mashine tunazozifungua na kukuta imeungua zamani, na pahali pake pamelehemiwa kipande cha kebo ya kawaida ya omu 50. Ukiziangalia haraka huoni tofauti. Mashine inawaka, nguvu inatoka, mwenyewe anafurahi, hadi siku atakapobadilisha masafa na transista ianze kuchemka. Feraiti nayo ina dalili yake: ikipasuka, masafa ya chini ndiyo yanayoumia kwanza. Tukiiweka redio kwenye mzigo bandia wa omu 50, yaani kipingamizi kinachokaa mahali pa antena, ikatoa nguvu vizuri kwenye 12290 na kuzimia kwenye 2182, macho yetu huenda kwenye feraiti kabla ya transista.

Na asikudanganye mtu kwamba atakulinganishia masafa yote bila dosari. Mhandisi Hendrik Bode alionyesha mwaka 1945, na mhandisi Robert Fano akaendeleza mwaka 1950, kwamba kifaa chenye kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ndani yake, kama transista, kina mpaka: ukitaka upana zaidi, utakubali ulinganifu pungufu.

Sasa tutoke nje ya boksi. Amplifaya kuwa ya masafa mapana hakuifanyi antena nayo kuwa hivyo. Stesheni ikihamia masafa mapya, amplifaya itafuata bila kelele, antena itabaki kulekule ilikokatiwa. SWR, kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka antena, ikifika 2, asilimia 11 ya nguvu inarudi. Ikifika 3, inarudi robo nzima. Mashine nzuri hujipunguza zenyewe hali ikiwa hivyo. Za bei rahisi husukuma tu mpaka ziungue.

Huku kwetu pwani kuna na chumvi. Plagi ya juu paani isipofungwa utepe vizuri, maji huingia na kuteremka ndani ya kebo, na shaba hugeuka kijani. Ubaya ni kwamba kipimo cha SWR kilichoko chini, kwenye mashine, huanza kusifu. Kebo ikimeza nusu ya nguvu ikienda na nusu ya kilichobaki ikirudi, hata antena ikikatika kabisa SWR chini itasoma 3 tu. Kwa hiyo mteja akitwambia baada ya mvua za masika kwamba SWR "imejirekebisha yenyewe", sisi tunatafuta ngazi.

Ukija, njoo na amplifaya pamoja na masafa unayotumia yakiwa yameandikwa, na utueleze kebo ina urefu gani na ilifungwa lini. Tutaipima kutoka masafa ya chini hadi ya juu, kisha tutaangalia filta ya mwisho, inayozuia masafa yasiyotakiwa yasifike kwenye antena. Amplifaya pana haichagui inachokuza: stesheni ya megahezi 100 isiyo na filta hutupa takataka kwenye 200. Tukikuta filta imeng'olewa "ili wati ziongezeke", tunairudisha kwanza. Bila hiyo hatuiunganishi na antena yako.