Barua ya kufunga muhula wa pili, kwa wazazi na walezi wetu

Wazazi wetu wapendwa, na kina kogo, nyanya zetu, wote mnaolea wajukuu hapa kwetu Mau,

Hamjambo. Muhula tumeumaliza salama, tunamshukuru Mungu. Mvua ya Julai ilitutesa na barabara ya kutoka Elburgon ikawa matope matupu lakini watoto walikuja, wengine wamebeba viatu mkononi ili visiharibike, na walimu wao nao walikuja hivyo hivyo. Ripoti fomu mtoto anakuja nayo leo. Mambo madogo nayasema haraka: wenye deni la chakula njooni tuongee, hakuna mtoto atafukuzwa, hata gunia nusu la mahindi ama viazi tunapokea. Gredi ya sita na ya tisa wana mtihani wa kitaifa muhula ujao kwa hivyo tafadhali msiwape shamba siku nzima, mwachieni mtoto angalau asubuhi ashike kitabu. Sweta ni za kijani, si za bluu.

Sasa lile hasa lililonifanya niandike barua ndefu hivi.

Mtakumbuka kwenye mkutano tuliwaambia kwamba kila Ijumaa baada ya chai ya saa nne wazee wataingia gredi ya kwanza mpaka ya tatu kukaa na watoto na kuongea nao Kiogiek, lugha ya Waogiek wenyeji wa msitu huu wa Mau. Kuna wazazi hawakupenda. Mmoja aliniambia wazi, mwalimu mimi nimeleta mtoto asome Kizungu, hayo ya msituni anayajua. Sikukasirika, juu huyo ni mzazi anataka mtoto wake afike mbali na mimi pia ndio ninalotaka. Lakini wacha niwaambie nilichoona na macho yangu.

Ijumaa ya pili mzee alikuja na mzinga begani, ule wa gogo la mtarakwa lililochongwa ndani likabaki tupu, akauweka juu ya dawati la mbele na darasa lote likanuka moshi na nta. Hakuanza na hotuba. Aliweka kidole kwenye mdomo wa mzinga, akataja jina la sehemu hiyo kwa Kiogiek, akangoja watoto warudie, akasogeza kidole. Sasa pale nyuma kuna kijana wa gredi ya pili, tangu Januari hajawahi kujibu swali hata moja, tulikuwa tumeshaanza kuulizana kama anasikia vizuri. Mzee alipofika kwa maganda ya kufungia mzinga huyo mtoto akataja jina kabla ya mzee. Halafu akasimama bila kuitwa, akataja mti wenyewe, tarakwet, akaendelea na mfuko wa asali na ile mienge ya moshi na jinsi unavyopanda bila nyuki kukushambulia, anaongea tu kama maji, na wenzake wamegeuka wote kumwangalia. Mwalimu wa darasa alitoka nje akasimama kando ya ukuta. Nilimfuata, nikamkuta anafuta macho.

Huyo mtoto alikuwa anasikia vizuri kabisa. Ni sisi tulikuwa tunamuuliza kwa lugha ambayo bado hajaishika. Sisemi sai amekuwa namba moja, hesabu bado inamsumbua, lakini anainua mkono, na mkono ukishainuka mwalimu ana mahali pa kuanzia.

Na hili si jambo nimelitoa kichwani mwangu. Mtaala wenyewe unasema gredi ya kwanza hadi ya tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo, na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali ikuze lugha za wenyeji, halafu kifungu cha 56 kinataja jamii ndogo kama hii kwamba zisaidiwe kwa elimu na kwa kuendeleza lugha na tamaduni zao. Shida ni kwamba vitabu vya Kiogiek ni vya kutafuta na tochi na walimu wanaokijua hapa shuleni ni wawili tu, kwa hivyo hazina yetu ni hao wazee, na wazee hawatungoji.

Mimi najua hilo kwa uchungu wangu. Wengi mnadhani mimi ni Mjaluo, na Dholuo ndio naongea, lakini kwetu ni kisiwani Mfangano na babu yangu alikuwa Msuba, lugha yake ni Olusuba, ni ndugu ya Kiluhya na Kisii, haihusiani na Dholuo hata kidogo. Ilitutoka pole pole bila mtu kutunyang'anya kwa nguvu, mama zetu wengi walikuwa wameolewa kutoka kwa Waluo, kanisani ilikuwa Dholuo, sokoni Dholuo, na shule moja niliyosoma kulikuwa na kipande cha mbao tunaita diski, ukiongea lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni na jioni wa mwisho kukivaa anachapwa. Babu alipofariki wazee wenzake wachache waliobaki walisimama kando ya jeneza wakamsifu kwa Olusuba, muda mrefu sana, na mimi mjukuu wake mwenye cheti cha ualimu nilikuwa namvuta mtu shati nikimuuliza wanasema nini. Sitaki mtoto wenu asimame hivyo.

Kuna watu walifika pale wakarudi. Kule Nyuzilandi, Wamaori waliona lugha yao inabaki kwa wazee tu, ndio mwaka wa 1982 wakaanza kitu wanakiita kohanga reo, maana yake kiota cha lugha. Waliwachukua watoto wadogo kabisa, wa miaka chini ya mitano, wakawaweka na bibi na babu wanaoongea Kimaori kutwa nzima, kucheza, kula, kulala, kila kitu. Wazazi vijana waliokuwa hawaijui wakajikuta wanajifunza kutoka kwa watoto wao. Miaka mitano baadaye, 1987, Kimaori kikafanywa lugha rasmi ya nchi. Nilipenda hiyo habari juu hawakuanza na jengo wala vitabu, walianza na nyanya na mtoto, na hao sisi tunao.

Nyinyi wenyewe mnajua hukumu ya Arusha, Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ilisema Waogiek wa Mau walivunjiwa haki zao, ya ardhi, na ya utamaduni pia. Mambo ya ardhi yako kwa wakubwa na mawakili na tunaomba Mungu yafike mwisho mwema, najua kuna nyumba hapa ambazo wazo la kuhamishwa haliwatoki usiku. Lakini hii ya lugha haihitaji wakili. Inahitaji wewe uongee na mtoto ukipika.

Kuna kogo mmoja analea wajukuu watatu peke yake. Zamani alikuwa anatuma jirani achukue ripoti fomu, hakuwahi kukanyaga ofisini kwangu, alikuwa anaona aibu kwa kuwa hajui kusoma. Tangu aanze kuja Ijumaa kufundisha anaingia bila kubisha. Juzi aliketi, akasema nisomewe ripoti yote, na mwalimu wetu wa gredi ya kwanza akamsomea kwa Kiogiek mstari kwa mstari, akauliza maswali magumu kuliko wazazi wenye digrii. Kuanzia leo yeyote anayetaka ripoti isomwe kwa Kiogiek aseme tu.

Nina ombi moja zito. Bado nasikia uwanjani watoto wakiitana "Ndorobo" na hilo neno halitoki shuleni, linatoka nyumbani. Ni tusi, linamwambia mtu ni maskini asiye na ng'ombe. Tafadhali liacheni. Na wazazi wetu Wakikuyu, Wakipsigis na wengine, hamjasahauliwa, mtoto wako pia ataleta maneno ya kwao, na akijua kwamba mianzi kwa lugha ya jirani yake inaitwa tegat hajapoteza kitu.

Kazi ya likizo: kila mtoto amepewa daftari dogo. Akae na mzee, aandike maneno kumi ya vitu vilivyo nyumbani, achore kila kimoja, msibishane sana kuhusu spelingi, tutazipanga pamoja. Mwenye simu ya kurekodi amrekodi mzee akisimulia hata dakika tano, msitume kwa WhatsApp kabla mzee hajakubali, ni sauti yake.

Ijumaa ya kwanza tukifungua wazee wanarudi saa nne na nusu. Kogo analalamika mgongo kwenye zile benchi, kwa hivyo yeyote mwenye kiti cha ziada chenye mahali pa kuegemea atuletee ofisini.

Wenu,
Mwalimu Mkuu