Kamau, kabla hujanunua klachi

Mombasa

Ndugu yangu Kamau,

Salaam nyingi kwako na kwa wa nyumbani. Swali lako la klachi nimelipata. Kwa kuwa umesema muuzaji wa Kirinyaga Road hapo Nairobi anakusukumia seti ya seramiki ya "steji tatu", nakujibu kwa urefu kabla pesa hazijatoka mfukoni. Kwa kifupi, usiichukue. Gari lako ni Impreza WRX ya 2004 ya gia tano. Siku za kazi linalala kwenye foleni ya Mombasa Road, na wikendi moja kwa mwezi linakwenda mbio. Gari la namna hiyo linataka klachi pleti (ile sahani inayosuguana) ya oganiki, yaani ya nyuzi na gundi, yenye uso mzima na springi katikati, pamoja na presha pleti (bamba linaloibana sahani hiyo) inayobana zaidi ya ile ya kiwandani kwa kiasi tu.

Hilo neno "steji" halina kipimo chochote kinachokubaliwa na wote. Kwa kampuni ya Exedy, steji ya kwanza ni oganiki na ya pili ni seramiki. Kwa mwingine, steji ya pili yaweza kuwa oganiki ile ile na presha pleti nzito. ACT wa Marekani ndio wanaoeleweka vizuri: jina la seti hutaja presha pleti kwanza, kisha klachi pleti, kwa hiyo unajua unanunua nini. Muuzaji yeyote muulize mambo matatu: lainingi (ule uso wa kusuguana) ni ya kitu gani, katikati kuna springi au hakuna, na seti inabeba toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni mita (Nm) ngapi. Akikujibu "hii ni ya rali, boss, haitelezi", mshukuru uende zako.

Toki ndiyo ianze, maana hesabu yake ni nyepesi na wengi hawaifanyi. Klachi pleti ina nyuso mbili. Chukua mbili, zidisha kwa kiwango cha msuguano cha lainingi, kwa nguvu ya presha pleti kubana, kisha kwa nusu kipenyo ya wastani. Pleti ya gari lako ina kipenyo cha milimita 230. Tundu la ndani la lainingi likiwa 155, nusu kipenyo ya wastani ni kama milimita 96. Tuseme presha pleti inabana kwa nyutoni 9,000 na oganiki ina msuguano wa 0.3. Hapo unapata takriban Nm 518. Joto likipanda na msuguano ukashuka hadi 0.25, klachi ile ile inabaki na Nm 432. Ndiyo maana klachi inayoshika vizuri asubuhi inaanza kuteleza raundi ya nne, na fundi akilifungua gari jioni haoni kosa.

Injini yako ya Kijapani ya lita mbili ilitoka kiwandani na karibu Nm 334. Unasema baada ya kuiprogramu upya imefika 420. Weka nafasi ya asilimia 25 juu ya kipimo hicho na utafika 525, basi tafuta seti iliyoandikwa Nm 500 hadi 550. Hiyo akiba usiipunguze kwa sababu umepima Nairobi. Huko juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi; ukishuka nalo huku pwani injini inapumua zaidi. Turbo hufidia sehemu kubwa, lakini si yote.

Utauliza, kwa nini usinunue ya Nm 700 ukamaliza wasiwasi? Kwa sababu ya giaboksi. Hiyo ya gia tano inajulikana kwa kuvunjika meno ya gia ya pili na ya tatu, na kinachoyavunja zaidi ni pigo la ghafla kuliko toki ya kawaida ya injini. Klachi inayoteleza kidogo wakati wa kushika ni fyuzi ya giaboksi. Seramiki isiyo na springi inalitoa pigo lote la kuachia pedali na kulipeleka moja kwa moja kwenye meno. Klachi utailipia mara moja, giaboksi utalilipia kila msimu. Mwenye STI (Impreza yenye nguvu zaidi) ya gia sita, yenye pleti ya milimita 240 na giaboksi imara, anaweza kufikiri tofauti. Wewe huwezi.

Sasa lainingi. Oganiki ni nyuzi na gundi ngumu, wakati mwingine zikiwa na waya wa shaba ndani. Kati ya nyuso zake mbili kuna bamba jembamba la chuma lenye mawimbi, na hilo ndilo linaloifanya ishike polepole. Ukiipasha moto kupita kiasi inatoa harufu na kuteleza, lakini ikipoa, mara nyingi inarudi. Kevla inadumu sana na ni laini mguuni, ila inataka muda mrefu wa kuzoezwa, na ikishaungua uso unang'aa kama kioo na haurudi tena. Mimi simpendekezei mtu anayeondoka kwa kishindo siku ya mbio. Seramiki, yaani vile vibao vitatu hadi sita vya unga wa shaba na chuma uliooka, inapenda joto. Ikiwa baridi, kwenye foleni, inashika au haishiki, hakuna katikati. Gari linatetemeka, na uso wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, unalika upesi. Kuna pia pleti mchanganyiko, oganiki upande mmoja na seramiki upande wa pili. Hiyo ni maafikiano mazuri ukivuka Nm 550. Klachi za pleti mbili achana nazo: zinalia kama sufuria, na kwa giaboksi lako ni pesa iliyopotea.

Joto la kuondokea watu hawalipimi, nawe ndilo litakalokuhusu zaidi ya chapa. Ukishikilia injini kwenye mizunguko 4,500 na kuiachia klachi iteleze mpaka magurudumu yaifikie injini, joto linaloingia kwenye klachi ni sawa na nishati mwendo ya gari pale klachi inaposhika. Kwa gia ya kwanza hapo ni karibu kilomita 40 kwa saa. Gari na dereva wakiwa kilo 1,400, hizo ni kilojuli 86 hivi kwa kila mwanzo. Ukiondokea mizunguko 3,000, klachi inashika kwenye kilomita 27 hivi na joto linashuka hadi kilojuli 38, chini ya nusu. Na kumbuka gari lako linavuta magurudumu manne: kwenye lami kavu matairi hayatelezi, kwa hiyo kitu pekee cha kuteleza ni klachi. Kwenye vumbi tairi hubeba sehemu ya mzigo. Kati ya raundi na raundi usilizime gari ukiwa umekanyaga pedali kwenye gia; weka nyutro, achia pedali, liache lingurume dakika chache lipoe.

Joto hilo hilo ndilo linalonifanya nisite juu ya flaiwili nyepesi. Inafanya injini ipande mizunguko haraka, kweli, lakini chuma kikipungua, mahali pa kuhifadhi joto napo panapungua, na kwenye foleni injini itazimika kila ukikosea pedali. Baki na ya kiwandani, maadamu haina nyufa wala madoa ya buluu yaliyozama. Ipelekwe ikakatwe uso, na mkataji aondoe kidogo kadiri inavyowezekana: kila sehemu ya milimita inayoondoka inasogeza presha pleti mbele, na pedali inaanza kushika mahali pengine.

Presha pleti ya kubana zaidi ina gharama zake. Pedali inakuwa nzito, uma wa klachi (mkono unaosogeza beringi ya kuachisha klachi) na hidroliki vinabeba zaidi, na beringi ya msukumo ya kranki, shafti kuu ya injini, inabebeshwa mzigo kila unapokanyaga. Ongezeko la asilimia 20 hadi 30 linavumilika. Usipumzishe mguu juu ya pedali, na kwenye taa nyekundu weka nyutro.

Kabla ya kuagiza, hakikisha gari lako ni la klachi ya kuvuta, yaani ukikanyaga pedali beringi huvivuta vidole vya presha pleti badala ya kuvisukuma. Turbo nyingi za gia tano za miaka hiyo ni za kuvuta, baadaye zikaja za kusukuma, na seti hazibadilishani. Usiamini mwaka wa kwenye logibuku, maana giaboksi hubadilishwa. Angalia ubavuni mwa nyumba ya klachi: ya kuvuta ina plagi inayofunguliwa kwa alen (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 10, na nyuma yake upo mhimili wa uma.

Plagi hiyo ndiyo inayowaumbua mafundi. Kwenye ya kuvuta, rilizi beringi (ile ya kuachisha klachi) imejibana ndani ya vidole vya presha pleti, na uma umeishika. Kabla ya kutenganisha giaboksi na injini ni lazima ufungue plagi, uingize bolti ya milimita 6 kwenye mhimili, uuvute utoke, ndipo uma ulegee. Fundi asiyejua atavuta giaboksi kwa nguvu na mtaimbo, kisha beringi itapasuka na uma utapinda. Muulize kabla hajashika spana: "Mhimili wa uma unatolewaje?" Akishangaa, tafuta mwingine.

Giaboksi likishuka, usibadilishe seti peke yake. Nyuma ya flaiwili kuna sili kubwa ya kranki, na pembeni yake kifuniko cha kutenganisha mvuke wa oili. Kama ni cha plastiki, weka cha chuma, maana cha plastiki huvuja, na oili kidogo tu ikifika kwenye lainingi klachi itatetemeka mpaka uitoe. Skrubu zake hukaza kama zimechomelewa. Zinahitaji bisibisi ya kugongwa kwa nyundo. Badilisha beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, na upapase bomba ambalo rilizi beringi hutelezea: likiwa na mfuo unaokwaruza ukucha, halifai.

Kufunga kunataka subira. Presha pleti mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Ifute kwa dawa ya breki mpaka kitambaa kitoke cheupe. Grisi kwenye meno ya shafti ya giaboksi iwe kiasi cha kupaka tu. Ingiza pleti, itoe, futa iliyotokeza, la sivyo itarushwa kwenye lainingi. Upande wenye springi zilizotokeza hukaa upande wa giaboksi. Ukigeuza, kitovu cha pleti kitagusa bolti za flaiwili na gia hazitaingia. Flaiwili ina bolti nane, kaza Nm 72. Za presha pleti ni Nm 16 tu, kwa mkingamo, kidogo kidogo, na kifaa cha kuweka pleti katikati kikiwa ndani. Za giaboksi kwa injini ni Nm 50. Na giaboksi lisining'inizwe hata dakika moja kwenye shafti likiegemea pleti, kwa sababu kitovu kitapinda, kisha mtalaumu klachi mpya kuwa haiachii. Jeki moja na watu wawili.

Silinda ya chini ya klachi iko juu ya giaboksi, chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo), kwa hiyo itoe hewa kabla intakula haijarudi. Gia ya rivasi ikisaga baada ya kazi, anza na hewa kwenye hidroliki kabla ya kushuku kitu kingine.

Kuizoeza, piga kilomita 500 hadi 800 za mjini, bila kuondoka kwa kishindo wala kufungua turbo yote kwenye gia za juu. Safari ya Nairobi kuja kwangu haihesabiki, kwa sababu kwenye barabara kuu klachi haifanyi kazi. Ni kusimama na kuondoka ndiko kunakosugua nyuso. Foleni yako ya Mombasa Road hapa ina faida. Zikiisha, tafuta mlima, weka gia ya nne, mizunguko 2,500, kanyaga yote na utazame mshale: ukiruka juu bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Kabla hujalaumu seti, hakikisha pedali ina nafasi kidogo juu ya kushika. Silinda isiyorudi yote huifanya klachi iteleze vivyo hivyo.

Juu ya feki, boksi lisikuridhishe. Mwombe muuzaji akutolee pleti uishike: riveti zikae chini ya uso wa lainingi kwa kina sawa. Presha pleti halisi mara nyingi huwa na alama za kusawazishwa, vishimo vidogo vilivyotobolewa ukingoni au vipande vya uzito. Ikiwa ukingo wote ni safi kabisa, kuwa na shaka.

Giaboksi likishatoka, nipigie picha uso wa flaiwili na kile kifuniko cha oili kabla hujapeleka chochote kukatwa. Nisalimie mama.

Wako,
Salim