Mguu mmoja mrefu kuliko mwingine? Soma hii kabla hujalipia kunyooshwa

Kliniki kwetu ya kiropraktiki (tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono) hawakosekani watu wa wasiwasi huu: kaambiwa na mtu wa masaji, au kaona video TikTok, kwamba nyonga yake imepinda na mguu wa kushoto ni mfupi, sasa anataka "arudishwe" leo leo. Jamani tuongee ukweli, hata kama sisi ndo tunaouza hiyo huduma.

Hakuna mwili ambao kulia na kushoto ni sawasawa. Kwa vipimo vya eksirei, watu kama 90 kwa 100 wana tofauti ya urefu wa miguu, wastani milimita 5 hivi, na wengi hawajui kabisa mpaka fundi nguo awaambie suruali inaburuza upande mmoja. Kwa kawaida haileti shida mpaka ikaribie sentimita 2. Uti wa mgongo nao pale kifuani kwa wengi umepinda kidogo kwenda kulia, na vile vinundu unavyovigusa katikati ya mgongo kuna vingine vimeota upande tangu zamani wakati pingili yenyewe imetulia mahali pake.

Na hapo ndo fani yetu inapoharibu. Huyo D.D. Palmer aliyeanzisha kiropraktiki Marekani mwaka 1895 aliamini magonjwa karibu yote yanatokana na mifupa iliyohama, na mpaka leo wapo wanaopapasa mgongo, wakikuta kinundu kimeenda pembeni basi unauziwa vikao vya miezi sita. Mfupa ulioota hivyo hausukumwi ukanyooka! Ule mlio unaousikia ukinyooshwa ni gesi ndani ya ute wa kiungo tu, sio mfupa unarudi.

Sasa sisi tunafanya nini? Kiungo kilichokaza tunakilegeza, maumivu ya kiuno kwa wengi yanapungua, halafu mazoezi, na mazoezi ndo kazi kubwa yenyewe ingawa wateja hawayapendi. Kuhusu mguu, kukulaza na kulinganisha visigino hakutoshi maana misuli ya kiuno ikikaza upande mmoja mguu unaonekana mfupi na kumbe mfupa uko sawa, kwa hiyo tunakusimamisha, tunaweka vibao vyembamba chini ya mguu mpaka nyonga zilingane, na ikibidi tunakutuma eksirei ya kusimama.

Mtoto akiinama na upande mmoja wa mgongo ukapanda juu, mleteni mapema, huyo anapimwa kama uti wa mgongo umepinda kwenda upande (skoliosisi) na ukifika nyuzi 10 anafuatiliwa na daktari wa mifupa. Ila ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo unakutoka wenyewe au miguu inaisha nguvu, usije kwetu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wengine mkija vaeni viatu vyenu vya kila siku, tunaangalia soli zimelika wapi, na kama una eksirei ya zamani ibebe, hatutakulipisha kuisoma.