Mnapouliza kaliba, ulizeni na risasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Huku kwetu Mwanza mmezoea kutuandika kwa habari za sangara, dagaa na bei ya pamba, lakini leo naomba niongelee bunduki za kuwindia maana hili jambo linatugusa watu wa huku kuliko mnavyodhani, ukitoka hapa Kisesa ukashika njia ya Magu, Busega mpaka Bunda unakuwa ushafika pembeni ya Serengeti, na ukishuka kusini kidogo kuna Pori la Akiba Maswa ambako watu wanaingia na leseni kuwinda nyati. Mi nimefanya kazi ya kufuata nyayo kule miaka mingi, nawajua hao wanyama na nawajua wanaokuja kuwapiga.

Kila msimu ukikaribia vijiwe vyote vinageuka vya wataalamu wa silaha. Huyu anasema nyati dawa yake ni .458, yule anasema .375 inatosha, anatokea mwingine anasema nipe SMG, ile AK-47, yenye risasi thelathini uone. Wote wanabishania upana wa tundu la mtutu kwa inchi, yaani kaliba, sijamsikia hata mmoja anauliza kile kichwa cha risasi chenyewe kimetengenezwaje, na ndio hicho kinachoingia mwilini mwa mnyama, mtutu unabaki mkononi kwako.

Nianze na hiyo SMG niimalize haraka. Risasi yake ina kichwa cha greini kama 123, ambazo ni gramu nane tu, na nguvu yake ikitoka mdomoni ni jouli kama 2,000. Ile .375 ya Holland & Holland, ambayo Waingereza waliitoa mwaka 1912 na mpaka leo hakuna aliyeipita kwa kufanya kazi zote, inarusha greini 300, gramu 19 na kitu, kwa mwendo wa futi kama 2,500 kwa sekunde, na nguvu yake inavuka jouli 5,500. Kwa hiyo ukimmiminia nyati thelathini za SMG umemjeruhi mara thelathini, basi. Na sheria yetu haikukosea kuweka .375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hatari kama nyati na tembo.

Sasa twende kwenye risasi. Wawindaji wanazigawa mafungu mawili, softi na solidi. Softi ina ncha iliyo wazi ya madini ya risasi, ambayo ni laini, ikigonga nyama inafunguka inapanuka, inakata mishipa mingi na damu inamwagika haraka. Solidi haifunguki, imefunikwa chuma kigumu au yote ni shaba au brasi tupu, kazi yake ni kuchimba moja kwa moja mpaka upande wa pili. Kwa swala, kongoni, nyamera, nyumbu, softi ndio yenyewe, ukimpiga swala na solidi itapita kama sindano na mnyama atakimbia kilomita huko akafie vichakani aliwe na fisi. Tembo ni solidi bila mjadala. Nyati ndio mtihani, maana ana ngozi nene, bega lina mfupa mpana, mbavu zake ni pana, na huwa hayuko peke yake. Ukitumia solidi kwenye kundi inampita uliyemlenga inaingia kwa jike lililo nyuma yake ambalo hata hukuliona, ukitumia softi ya bei rahisi inapasukia begani vipande vipande haifiki kwenye moyo. Wawindaji bingwa niliotembea nao wengi walikuwa wanafanya hivi: risasi ya kwanza softi nzuri, ile ambayo ganda lake la shaba limegandishwa na madini ya risasi ya ndani visiachane, halafu zote zinazofuata ni solidi, kwa sababu baada ya mlio wa kwanza nyati atakuonyesha makalio na hapo unahitaji kitu cha kuchimba kutoka nyuma mpaka kifuani.

Hili la softi kupasuka sio stori za porini tu. Kuna Mmarekani anaitwa John Nosler, mwaka 1946 alikwenda Kanada kuwinda moose, yule paa mkubwa wa kule mwenye uzito wa kama nyati, akiwa na .300 magnum, yaani ya baruti nyingi na mwendo mkali, risasi zake zikapasukia juu juu kwenye bega hazikuingia. Akarudi karakana kwake akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati, mbele inafunguka, nyuma inabaki nzima inaendelea kuchimba, akaanza kuiuza 1948 na mpaka leo inauzwa kwa jina la Partition. Angalieni alichobadilisha huyo bwana: kaliba aliiacha ile ile, akabadilisha risasi. Tena wenye magnum za mwendo mkali nawaomba mnisikilize hapa, mwendo ukiongezeka softi dhaifu ndio inapasuka zaidi, hasa ukimpiga mnyama karibu hatua thelathini ambapo bado ina kasi yote, mtu anadhani kaongeza nguvu kumbe kapunguza kina.

Wapenda bunduki ndogo nao wana mtume wao, yule Mskoti Bell aliyewinda tembo huko Karamoja, Uganda, kaskazini ya ziwa letu, kwa .275 ambayo ni milimita saba tu. Kweli aliwinda nayo na aliua tembo wengi mno. Ila wanaomtaja wanaruka nusu ya habari, Bell alitumia solidi ndefu nzito ambazo hazipindi njia, na alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone kwa macho yake ubongo umekaa wapi. Ni nani kati yetu hapa kijiweni amefanya hivyo?

Na wapenda bunduki kubwa nao wana lao. Hiyo .458 ya Winchester ya mwaka 1956 inarusha greini 500, gramu 32, ni mzigo wa kweli, lakini bega la mpigaji nalo ni nyama. Hata .375 tu inarudisha teke karibu mara mbili ya .30-06, ile bunduki ya kawaida ya kuwindia, .458 ndio usiseme, nimeona wanaume wazima wanafumba macho kabla hawajavuta kifyatulio, risasi inakwenda tumboni. Nyati aliyepigwa tumboni na .458 ni hatari kuliko aliyepigwa mapafuni na .375, huo mjadala kwangu umefungwa. Mahali pa kupiga ni pale pale siku zote, akisimama ubavu fuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi ya chini ya mwili, hapo kuna moyo na mapafu kwa juu yake. Watu wanalenga katikati ya mwili kwa sababu nyati ni mkubwa, wanapiga juu sana.

Sisi wa ziwani tuna kiboko pia, na hapa naongea na wale wanaopewa kazi ya kumwondoa kiboko mkorofi anayemaliza mahindi na mpunga wa watu. Ubongo wake ni mdogo na umezungukwa na mfupa mzito, softi hapo ni kubahatisha, beba solidi. Lakini solidi ikigonga maji kwa pembe ya chini inadunda na kuendelea na safari, na kwenye Ghuba ya Speke alfajiri ndio wavuvi wanarudi na mitumbwi, kwa hiyo kama hujui kuna nini nyuma ya huyo kiboko shusha bunduki yako usubiri apande nchi kavu. Akipigwa majini anazama, atakuja kuelea baada ya saa moja au zaidi gesi ikishajaa tumboni, muda wote huo watu wamekusanyika ufukweni na visu na mapanga na hakuna mwenye uhakika kama amekufa.

Mhariri, kinachonifanya niandike ni kwamba bei ya risasi mbovu hailipwi na aliyeipiga. Mwindaji akimjeruhi nyati akamkosa, jioni anapanda gari anarudi mjini na leseni yake mfukoni. Yule nyati anabaki kichakani na maumivu, na kesho yake mama anakwenda kukata kuni au mtoto anapitisha ng'ombe pale pale. Nimefuata damu za wanyama wa namna hiyo mpaka mipakani mwa mashamba ya watu, nimebeba mtu aliyechanwa na pembe, sio kitu cha kusimulia kwa kucheka.

Ndio maana naomba TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na maafisa wanyamapori wa wilaya, mnapokagua silaha ya mtu anayekwenda kupiga nyati msiishie kusoma namba kwenye mtutu. Mwambieni atoe risasi mezani mzione, ni softi ya namna gani, solidi anazo ngapi. Halafu apige mbele yenu kwenye karatasi hatua hamsini, akiwa amesimama na fimbo za kuegemea kama atakavyopiga porini, kwa risasi hizo hizo atakazoingia nazo, maana ukibadilisha aina ya risasi hata darubini inatakiwa kurekebishwa upya, softi na solidi za uzito mmoja zinaweza kwenda sehemu mbili tofauti. Haichukui nusu saa.

Na vijana wenye .30-06 wanaoniuliza kama wauze wanunue kubwa, msiuze. Weka softi nzuri ya greini 180, kongoni na nyumbu hawatakushinda, hata pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, ukisogea karibu na ukampiga kwenye bega vizuri. Nyati muache mpaka uwe na .375 ambayo umeshaipiga mara nyingi kiasi kwamba bega lako haliiogopi.

Msomaji wenu,
Kisesa, Magu